Kwa Wakazi wa Nchini Tu

Nilistaafu mwezi uliopita. Kabla hata sijamaliza kupanga vitu vyangu vya ofisini kwenye boksi, ninyi mliobaki mkaanza: Mama Kulwa, andika. Andika mlivyoanza, andika mlivyofanya kazi umeme ukikatika mchana kutwa. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana cheo cha mtu kinamfurahisha yeye na mama yake tu. Nitaandika zaidi kuhusu lile swali mnaloniuliza kila tukinywa chai: kwa nini kampuni za nje zikitangaza kazi ya kuandika programu, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa kitandani, huweka chini kabisa mstari unaosema kazi hii ni kwa wakazi wa nchini tu. Jibu lake nililipata kwa aibu, na aliyeumia kwa aibu hiyo alikuwa Kabula. Nimemwomba ruhusa. Amesema niandike yote, nisimpake mafuta.

Mimi nilianzia stoo. Ilikuwa stoo ya kampuni moja ya uchorongaji, ya kutoboa miamba kutafuta dhahabu, upande wa Geita, nami nilikuwa karani wa kujaza kadi za vifaa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe vya kisigino, kwa sababu mama alisema binti wa ofisini lazima apendeze. Mkuu wa stoo, Mzee Luhende, aliviangalia kwa muda, kisha akaniuliza, "Binti, umekuja kazini au kipaimara?" Kufikia saa sita vilikuwa na rangi ya grisi, na sikuvivaa tena.

Luhende alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira, na ndiye mwalimu wangu wa kwanza ingawa hakuwahi kugusa kompyuta maishani. Alikuwa na sheria moja. Hakumwazima mtu kifaa chochote, hata spana, kabla ya kujua kwao. "Usiniambie jina," alikuwa akisema. "Majina yanafanana. Niambie kwenu wapi, balozi wenu wa nyumba kumi nani, na nyumba yenu inapakana na ya nani." Kuna siku fundi mmoja aliacha kazi bila kuaga, na pampu ya maji ikaondoka naye. Wakubwa walitaka kuandika barua. Luhende alichukua kadi alimoandika kwao yule fundi, akapanda pikipiki hadi Buseresere, na jioni akarudi na pampu mgongoni, pamoja na nusu mkungu wa ndizi aliopewa na mama wa yule fundi kama pole ya safari.

Kompyuta ilipoletwa stoo, iliwekwa mezani na kufunikwa kitambaa kama sufuria ya pilau. Kijana mmoja fundi kutoka Mwanza alinifundisha wiki mbili, akaniachia kitabu kisicho na jalada, na yaliyobaki nikajifundisha mwenyewe. Programu yangu ya kwanza ilikuwa zile kadi za Luhende. Fundi wa Mwanza alipoikagua aliniambia nifute ile sehemu ya "kwao", kwa kuwa haina kazi. Luhende alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nilipoirudisha.

Baadaye nilihamia Shinyanga, na mimi na wenzangu wawili tukafungua ofisi hii mnayoijua, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulitengeneza mifumo ya zahanati, ya viwanda vya kuchambua pamba, ya shule. Umeme ulipokatika tulitumia betri za gari, na mpaka leo mkono wangu unahifadhi kazi kila baada ya dakika chache bila hata kuuagiza. Mliobaki, shikeni mawili tu. Msibadilishe mfumo wa mteja siku ya Ijumaa. Na kompyuta ikikuandikia kosa, lisome kwa sauti kabla ya kuniita mimi, maana mara nyingi limeshakueleza lenyewe lililo wapi.

Kazi zilipoongezeka tulitangaza nafasi ya mwandishi wa programu. Tangazo nililiandika mimi, na chini niliweka mstari: awe mkazi wa Shinyanga mjini. Sikufikiria mara mbili. Nilitaka mtu ambaye nikimwita anafika. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu.

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye Kabula wa Nyarugusu, Geita, ambaye ombi langu mmelikataa."

"Marahaba. Hatukulikataa. Tulisema tunataka mkazi wa mjini."

"Sasa Mama, hiyo programu itajuaje kama mimi niko Nyarugusu?"

Nilicheka, na mtu akinichekesha huwa nalegea. Nikamuuliza kwa nini asihamie mjini. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mchimbaji mdogo. Matimba yanayoshikilia kuta za duara, lile shimo la kuchimbia, yalikatika, kifusi kikamlalia, na tangu siku hiyo miguu yake haifanyi kazi. Mama yake alishafariki. Kumgeuza baba kitandani, kumwogesha, kumpeleka kliniki, yote ilikuwa kazi ya Kabula, na baba hakutaka kuhama penye kaburi la mke wake. Nilimtumia mtihani. Aliurudisha kesho yake, na alikuwa amesahihisha kosa ambalo mimi mwenyewe niliyeutunga sikuliona.

Basi akawa wetu. Alifanya kazi kutoka Nyarugusu, akitumia sola na bando la simu, na mara moja kwa mwezi alimwacha baba kwa jirani akaja ofisini kwa basi. Tukiongea naye mtandaoni alikuwa anazima kipaza sauti kila karasha la jirani lilipoanza kusaga mawe. Kesi ngumu nilikuwa nampa yeye. Kuna hospitali moja ilikuwa na mfumo ulionunuliwa nje, ukawa unawachanganya wagonjwa, bibi wa kisukari anapewa historia ya bibi wa shinikizo la damu. Tulihangaika nao siku nne. Kabula ndiye aliyegundua kwamba wazee wengi hawajui tarehe waliyozaliwa, makarani wanawaandikia wote tarehe moja ya mwanzo wa mwaka, na aliyetengeneza mfumo aliamini kwamba jina likifanana na tarehe ikifanana, huyo ni mtu mmoja. Hakuwahi kufikiria mahali ambapo kina Kulwa wamejaa kila kijiji.

Kisha mradi wetu mkubwa ukaisha. Tulikuwa watu wanane, na kazi iliyobaki ilitosha watu wanne. Sikumfukuza mtu, ila nilipunguza siku, na Kabula akabaki na siku mbili kwa wiki. Hazikutosha kumtunza yeye na baba mgonjwa. Akaanza kuomba kazi za nje, zile za kufanyia nyumbani. Na kila tangazo zuri lilikuwa na ule mstari.

Mwanzoni alipambana nao kwa njia yetu. Alikwenda serikali ya kijiji akaandikiwa barua ya utambulisho, ina muhuri mkubwa wa bluu, inasema kwamba Kabula ni mkazi wa hapa, ana tabia njema na hana rekodi ya ugomvi. Akaiskani, akaiambatanisha na kila ombi. Nadhani kuna ofisi kadhaa huko Ulaya ambazo mpaka leo zinajiuliza ule muhuri ulikuwa wa nini. Hakuna aliyejibu.

Siku moja akaniomba niwe mdhamini wake kwa ombi jingine. Nikakubali. Nilimuuliza, "Hawa nao hawana ule mstari?" Akasema, "Hilo limeshaisha, Mama." Sikuuliza limeishaje.

Simu ilikuja saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kwa jina la Annika, mkuu wa ajira wa kampuni moja ya Ulaya inayotengeneza mifumo ya maghala. Akasema Kabula amefaulu mitihani yao yote na imebaki kauli yangu tu. Nilifurahi mpaka nikasimama. Jamani, huku kwetu ukitaka kumsifia mtu mpaka mwisho husemi ana akili, kwani wenye akili wengi wako magerezani. Unasema unapajua kwao. Basi nikamsifia Kabula kwa sifa kubwa kuliko zote nilizonazo.

"Huyu ni mwanangu," nikamwambia. "Kwao napajua, Nyarugusu, na nimekula kwa baba yake. Jana tu alikuwa ofisini hapa. Mezani kuna michembe aliyoniletea, viazi vitamu vya kukausha, kavianika kwa mkono wake. Akikukosea nipigie, mimi napanda basi siku hiyohiyo nakwenda kumtoa nyumbani kwao."

Akauliza, "Jana alikuwa hapo?"

"Jana. Karudi na basi la saa nane."

"Na anaishi huko?"

"Anaishi huko, aende wapi? Baba yake anamtegemea yeye."

Akanishukuru kwa adabu, akakata. Nikatoka kuwatangazia wenzangu kwamba Kabula kapata kazi, tukagawana ile michembe kwa kusherehekea.

Saa nane Kabula akapiga. Hakunisalimia, ndipo nikajua kuna msiba.

"Mama, umewaambia niko Nyarugusu?"

"Ndiyo. Kwani uko wapi?"

Akaanza kulia. Ana shangazi aliyeolewa katika nchi hiyo ya kina Annika, na kwenye fomu alikuwa amejaza anwani ya shangazi. Siku ya usaili, karasha lilipoanza kusaga, aliwaambia kuna mafundi wanajenga nyumba ya jirani. Laptopu ya kazi ingetumwa kwa shangazi, na shangazi angemtumia. Kila kitu kilikuwa kimepangwa isipokuwa mdomo wangu.

"Umeniharibia, Mama."

"Na wewe umenifanya shahidi wa uongo bila kuniambia. Ungeniambia ningekataa, ukajua moja."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Nilikasirika sana, siwafichi. Kisha nikamwonea huruma, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Waliosema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi hawakukosea, lakini hata ningerudishwa kwenye ile simu sijui ningesema nini tofauti. Nisingeweza kudanganya. Nilichokuwa nacho ni maumivu ya mtu aliyemwaga maziwa ya mwenzake kwa mkono msafi. Kesho yake nikapanda basi kwenda Nyarugusu.

Nilimkuta Kabula akimnyoa baba yake ndevu. Mzee alinikaribisha kwa heshima zote, kisha akasema, "Mama Kulwa, mimi sikumtuma kudanganya. Lakini sina pa kusimama nikamgombeza. Miguu yangu ndiyo imefunga yake." Kabula akageuka ukutani. Nikasema pale pale kwamba sikuja kutoa pole, nimekuja kufanya kazi. Yeye Kabula ataandika barua ya kuomba radhi kwa mkono wake, aseme alidanganya nini na kwa nini, bila kujitetea. Mimi nitaandika ya kwangu, nimuulize Annika kwa nini ule mstari upo. Nataka nijibiwe kama mtu mzima, halafu tutaona pa kupita.

Annika hakujibu barua ya kwanza wala ya pili. Baada ya ya tatu alipiga simu, nadhani ili nimwache apumzike.

"Si kwamba hatuwapendi," alianza.

"Mapenzi sijauliza," nikamwambia. "Nimeuliza sababu."

Akanieleza, na hapa mliotaka jibu sikilizeni. Kampuni ikimwajiri mtu anayeishi nchi nyingine, inageuka kuwa mwajiri katika nchi ile. Inatakiwa ijisajili huko, ikate kodi huko, ichangie mafao huko, na ikigombana na mfanyakazi ihukumiwe kwa sheria za huko ambazo hazijui. Kwa ajili ya mtu mmoja, wengi wanaona ni mzigo. La pili, wateja wao wanawasainisha mikataba kwamba taarifa za watu hazitatoka nje ya mipaka, na fundi akiifungua taarifa kutoka Nyarugusu, imetoka. La tatu ni bima ya vifaa na ukaguzi wa historia ya mtu, ambavyo vinaishia mpakani. La nne alilotaja ni tofauti ya masaa. Hilo nililikataa, kwa sababu kati yetu na wao tofauti ni saa moja au mbili, na mimi nina wafanyakazi wa palepale mjini wanaochelewa zaidi ya hapo.

"Na kuna jingine," akasema taratibu. "Watu wanaotumia anwani za uongo ndio wanaotufanya tukaze mstari. Huyu si wa kwanza."

Lile liliniingia. Niliona kwamba kila Kabula anayepenya kwa uongo anamfungia mlango Kabula mwingine nyuma yake. Niliona pia kwamba mimi niliyekuwa nalalamika niliwahi kuandika mstari uleule, tena bila hata sababu moja ya kisheria. Nilitaka tu mtu ninayeweza kumfikia. Kabula alikuwa amenikumbusha hilo kwa upole siku ya kwanza, nikacheka, na tangazo la mwaka uliofuata nikaliandika vilevile.

Nikampa Annika wazo. Kama hawawezi kumwajiri mtu wa huku, wanunue kazi kutoka ofisi yetu. Mwajiri nitakuwa mimi, kwa sheria za huku ninazozijua, na kukitokea tatizo wa kukamatwa shati ni mimi. Tutafanya kwa taarifa za kubuni tu, tujaribu mifumo yao kabla haijafika kwa mteja, na hakuna jina la mtu yeyote litakalovuka mpaka. Akasema atauliza wakubwa wake.

Jibu lilikuja kwa barua pepe. Walikubali. Kazi ya mwaka mzima, inayotutosha wote wanane siku zote za wiki. Sharti lilikuwa moja, mwishoni: Kabula asishiriki.

Niliisoma mara tatu, kisha nikampigia mwenyewe. Sikutaka aisikie kwa mtu mwingine.

"Saini, Mama," akasema. "Kuna watu saba hapo. Mimi nilidanganya kweli."

"Umeomba radhi."

"Radhi si chakula. Saini."

Nikawaita wenzangu sita waliobaki na kuwasomea barua yote. Niliwaambia ninachotaka kujibu, na kwamba jibu hilo linaweza kutukosesha kazi yote, kwa hiyo asiyetaka aseme sasa. Mwenzangu mmoja, ambaye mke wake alikuwa karibu kujifungua, ndiye aliyesema, "Yule mfumo wa hospitali ulitushinda wote. Bila yeye tutawafanyia nini hao watu?" Nikaenda kuandika.

Niliandika kifupi. Nilisema: Mlituambia kwamba hamwezi kumwajiri Kabula kwa kuwa mkimwajiri mnakuwa waajiri huku. Nimeelewa na nimekubali. Lakini mwajiri ndiye anayechagua nani afanye kazi na nani akae pembeni. Mkimchagua mtu ndani ya ofisi yangu, mmeanza kuwa waajiri huku, pamoja na kodi, mafao na mahakama. Chagueni moja. Kuhusu uongo wake, amekiri kwa mkono wake, na mimi mwajiri wake nimemsamehe na ninamsimamia. Kazi yake ya kwanza nitaikagua mwenyewe mstari kwa mstari.

Wiki tatu hawakusema kitu. Katika wiki hizo sikuwa shujaa. Niliogopa, nilikonda, na nilikuwa nakwepa kumwangalia usoni yule mwenzangu wa mke mjamzito. Lakini barua sikuifuta, na nilipopata shaka nilikwenda kusuka nyaya upya nyuma ya seva, ambazo kusema kweli hazikuwa na tatizo.

Mkataba ukaja bila lile sharti. Annika aliambatanisha maneno machache: wanasheria wao walisema mama wa Shinyanga yuko sahihi, na haikuwafurahisha. Kazi ya kwanza ya Kabula niliikagua mstari kwa mstari kama nilivyoahidi. Nilipata kosa moja, la nafasi iliyozidi, nikamrudishia kwa wino mwekundu ili asije akavimba kichwa.

Sasa nimeondoka, na kiti changu amekalia yeye, yuko hukohuko Nyarugusu. Wiki iliyopita nilikwenda kumwona baba yake. Nikamkuta Kabula kwenye laptopu anaandika tangazo la nafasi mpya, mwandishi wa programu wa kuziba pengo. Sikujizuia, mazoea yana tabu. Nikamuuliza ameandika nini kuhusu makazi.

"Nimewaambia waseme kweli wanakoishi," akasema bila kuinua macho. "Sheria za huko kwao ni kazi yetu kuzisoma."